Je, Afua Imefanya Kazi? Swali Moja Lililobeba Maswali Mengi

Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Marekani kuhusu kuzuia kisukari cha aina ya pili. Watu 3,234 ambao sukari yao ilizidi kawaida, lakini haikuwa imefikia kiwango cha ugonjwa, waligawanywa kwa nasibu katika makundi matatu: wengine walipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, wengine vidonge visivyo na dawa, na wengine waliingizwa katika programu ya kubadili mwenendo wa maisha iliyolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya angalau dakika 150 kwa wiki. Baada ya muda uliokaribia miaka mitatu, dawa ilikuwa imepunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 31 ikilinganishwa na vidonge visivyo na dawa, ilhali mabadiliko ya mwenendo yalikuwa yamevipunguza kwa asilimia 58. Ni matokeo ya kutia moyo hata leo. Lakini kila mshiriki wa programu hiyo alikuwa na mshauri wake, alipitishwa katika masomo 16 ana kwa ana katika miezi ya mwanzo, na alikuwa amepita katika mchujo kabla ya kukubaliwa. Mkuu wa kituo cha afya anayesoma matokeo hayo, akiwa na wauguzi wawili na foleni inayofika mlangoni, ana haki ya kuuliza kama asilimia hiyo 58 ni yake pia.

Jibu ni kwamba jaribio lile halikuundwa ili limjibu yeye. Liliundwa ili kujua kama mabadiliko ya mwenendo yanaweza kuzuia kisukari pale ambapo kila kitu kimepangwa vizuri, na swali hilo lililijibu kikamilifu. Swali la mkuu wa kituo ni jingine: katika mazingira ya kawaida, kwa watumishi waliopo na wagonjwa wanaokuja kama walivyo, programu hii italeta nini, kwa nani, kwa gharama gani, na kwa muda gani? Tofauti kati ya maswali haya mawili ilielezwa kwa uwazi mwaka 1967 na Wafaransa wawili, Daniel Schwartz na Joseph Lellouch, waliotenganisha majaribio yanayolenga kuelewa na majaribio yanayolenga kumsaidia mtu kuamua. Katika makala haya nitaita uwezo kile ambacho afua, yaani hatua iliyopangwa kwa makusudi ili kuboresha afya, inaweza kufanya katika mazingira yaliyodhibitiwa, na nitaita ufanisi kile inachofanya katika maisha ya kila siku. Mkanganyiko mwingi katika ripoti za miradi ya afya huanza pale namba ya uwezo inaponukuliwa kana kwamba ni namba ya ufanisi.

Mpaka kati ya hivi viwili hauko wazi kama ukuta. Jaribio moja linaweza kuwa la kawaida kabisa katika namna ya kuwapata washiriki, lakini likawa la kipekee katika ukaribu wa ufuatiliaji. Ndiyo sababu kilitengenezwa chombo kiitwacho PRECIS-2, kilichochapishwa mwaka 2015, ambacho humtaka mtafiti alipime jaribio lake katika maeneo tisa, kila eneo kwa alama ya 1 hadi 5: nani anastahili kuingia, anapatikanaje, anahudumiwa wapi, na watumishi wa aina gani, utekelezaji unaruhusiwa kubadilika kiasi gani, na kadhalika. Faida yake kubwa ni kwamba humlazimisha mtafiti kusema mapema jaribio lake ni la nani.

Dawa ya kidonge ina afadhali, kwa sababu kidonge ni kilekile kila mahali. Afua ya tabia haiko hivyo. Chukua ushauri wa kuacha sigara. Mwongozo unamtaka muuguzi amuulize kila mgonjwa kama anavuta, amshauri aache, apime utayari wake, amsaidie kupanga siku ya kuacha, kisha ampangie siku ya kurudi. Kwenye karatasi hizo ni dakika kumi. Saa nne asubuhi, mtoto analia kwenye benchi, kipima shinikizo la damu kimeazimwa chumba cha pili, na muuguzi anauliza swali la kwanza huku akiandika jina la mgonjwa anayefuata. Mgonjwa anajibu, “Kidogo tu.” Muuguzi anatia alama ya vema kwenye kisanduku kilichoandikwa “ameshauriwa”. Mwisho wa mwezi alama hizo zinajumlishwa, na ripoti inasema kwamba wavutaji 300 wamepata ushauri. Mtathmini akikuta miezi sita baadaye kwamba wavutaji hawakupungua, atasema ushauri haufai? Au atasema ushauri haukutolewa? Hayo ni mahitimisho mawili yaliyo mbali sana, na namba ya mwisho peke yake haiwezi kuyatenganisha.

Hapo ndipo viunzi vya tathmini vinapohitajika. Kiunzi si fomula inayotoa jibu. Ni mpangilio wa maswali unaomzuia mtathmini kuruka lile linalomkera. Viunzi vipo vingi, na wanaoanza kazi hii mara nyingi huchanganyikiwa wakidhani kwamba vyote vinashindania nafasi moja. Kwa kweli vingi vilitungwa kuziba mapengo tofauti. Kuchagua kiunzi ni kuchagua aina ya kushindwa ambayo uko tayari kuiona.

Kinachojulikana zaidi katika afua za tabia ni RE-AIM, kilichotolewa mwaka 1999 na Russell Glasgow na wenzake Thomas Vogt na Shawn Boles. Jina limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno matano ya Kiingereza, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuyaeleza hivi: ufikiaji, ufanisi, kupokelewa na taasisi, utekelezaji, na udumifu. Ufikiaji na ufanisi hupimwa kwa watu mmoja mmoja. Kupokelewa na utekelezaji hupimwa kwa vituo, shule, viwanda au wilaya zinazotakiwa kuiendesha afua. Udumifu hupimwa kotekote: mtu ameendelea na tabia mpya baada ya mawasiliano ya mwisho, na taasisi imeendelea kutoa huduma baada ya mradi kufungasha? Inafaa kutaja kwamba hapo mwanzo herufi ya pili ilisimama kwa uwezo, na baadaye ikahamishwa kuwa ufanisi.

Nguvu ya kiunzi hiki inaonekana vizuri zaidi kwa hesabu, nami nitatumia mfano wa kubuni. Tuseme eneo lina kliniki 50 na wavutaji sigara 20,000 waliogawanyika kwa usawa katika kliniki hizo. Programu ya kwanza ni ya vikao vinane vya ushauri wa kina, na kati ya kila watu 100 wanaohudhuria, huongeza watu 20 wanaoacha sigara juu ya wale ambao wangeacha wenyewe. Programu ya pili ni ushauri mfupi unaofuatwa na ujumbe wa simu, na kati ya kila watu 100 huongeza watatu tu. Katika mkutano wa kupanga bajeti, programu ya kwanza itasifiwa na ya pili itaonekana dhaifu. Sasa tuzipeleke kliniki. Vikao vinane vinahitaji chumba, mshauri aliyefunzwa na muda, kwa hiyo kliniki 10 tu zinakubali, nazo zina wavutaji 4,000. Kati yao wanaojitokeza ni asilimia 5, yaani watu 200. Kwa watu 20 katika kila 100, walioacha kwa sababu ya programu ni 40. Ushauri mfupi unakubaliwa na kliniki 40 zenye wavutaji 16,000, unawafikia nusu yao, yaani 8,000, na kwa watu watatu katika kila 100 unaleta walioacha 240. Programu iliyoitwa dhaifu imezaa matunda mara sita.

Hesabu haijaishia hapo, na wengi hukosea kwa kuishia hapo. Ikiwa wauguzi wanatoa ushauri huo mfupi kama inavyotakiwa kwa nusu tu ya wagonjwa, na nusu nyingine wanapata alama ya vema bila ushauri, 240 wanashuka hadi 120 hivi. Ikiwa nusu ya walioacha wanarudia sigara ndani ya mwaka, tunabaki na 60. Kwa programu ya vikao vinane, huenda wale 40 walipata msaada wa kutosha na wengi wao hawakurudi nyuma. Pengo linapungua, na uamuzi uliokuwa rahisi unakuwa mgumu tena, ugumu ambao ulikuwepo tangu mwanzo ila ulifichwa na namba moja ya asilimia. Kila hatua inazidishwa na ile iliyotangulia, na sifuri katika hatua yoyote inafuta kila kitu.

Katika mlolongo huo wote, namba ninayoitilia mkazo kuliko zote ni ile ya chini ya sehemu, ile ambayo walimu wa hisabati huiita asili. Ripoti hupenda kutaja kiasi, yaani namba ya juu: tulifikia watu 8,000, tuligawa vipeperushi 30,000, tulifunza wahudumu 120. Kati ya wangapi? Namba ya chini ni ngumu kuipata kwa sababu inahitaji kuwahesabu watu ambao hawakuja, na watu ambao hawakuja hawasaini daftari la mahudhurio. Lakini bila hiyo hakuna ufikiaji unaoweza kuzungumzwa. Tena hesabu tupu haitoshi. Glasgow na wenzake walisisitiza uwakilishi: waliofikiwa wanafanana na wasiofikiwa? Programu ya mazoezi inayofanyika saa tisa alasiri siku za kazi itawapata waliostaafu na wenye nafasi. Mfanyakazi wa zamu atakosekana, na pengine ndiye mwenye hatari kubwa zaidi. Afua ya namna hiyo inaweza kuboresha wastani wa afya ya eneo zima na wakati huohuo ikapanua pengo kati ya wenye nacho na wasio nacho. Wastani utashangilia. Kwa maoni yangu, jedwali linalolinganisha waliofikiwa na wasiofikiwa kwa umri, jinsia, kipato na umbali wa makazi lina thamani kuliko kurasa nyingi za picha za uzinduzi.

Tatizo linalofuata ni kwamba tabia yenyewe ni ngumu kuipima. Damu hupimwa maabara. Kunawa mikono hupimwaje? Ukimuuliza mtu, atakujibu kama mtu mwenye adabu. Ukimtazama, utabadilisha unachokitazama. Katika utafiti mmoja uliofanyika vijijini Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2010, watafiti waliweka vitambuzi vya mwendo ndani ya vipande vya sabuni, vikawa vinarekodi kila mara sabuni inapotikiswa. Siku ambayo mtazamaji alikaa nyumbani kuandika nani ananawa na lini, sabuni ilisogea kwa takriban asilimia 35 zaidi kuliko siku ambazo hakuwepo. Hakuna aliyesema uongo. Watu walinawa kweli mbele ya mgeni. Kilichopimwa kilikuwa tabia ya nyumba yenye mgeni.

Mfano mzito zaidi ni jaribio la VOICE, lililowahusisha wanawake 5,029 wa Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe katika kupima vidonge na jeli za kuzuia maambukizi ya VVU. Kwa mahojiano na kwa kuhesabu bidhaa zilizorudishwa, utumiaji ulionekana kufikia karibu asilimia 90. Sampuli za damu zilipochunguzwa, dawa ilionekana katika asilimia 30 ya sampuli au pungufu. Jaribio halikuonyesha kinga. Kama vipimo vya damu visingefanywa, dunia ingeweza kuamini kwamba dawa hizo hazifai kwa wanawake, wakati katika jaribio jingine lililofanyika Kenya na Uganda kwa jozi 4,747 za wenza ambamo mmoja wao alikuwa na VVU, vidonge vya aina hiyohiyo vilipunguza maambukizi kwa asilimia 67 na, vilipounganishwa dawa mbili, kwa asilimia 75. Utafiti wa mazungumzo uliofuata na wanawake wa VOICE ulifichua hofu ya madhara, wasiwasi wa kuonekana na dawa zinazofanana na za mtu aliyeambukizwa, na shaka juu ya bidhaa ambayo haijathibitishwa. Wanawake hao walikuwa na sababu zao, nazo zilikuwa sababu za watu wenye akili timamu. Wenye kosa ni sisi watathmini tunaotunga maswali ambayo jibu lake la heshima ni “ndiyo”.

Kwa hiyo mtathmini makini hujitahidi kupata kipimo kisichotegemea maneno ya mhusika peke yake. Kwa sigara, kwa mfano, upo utaratibu uliopendekezwa mwaka 2005 unaodai ufuatiliaji wa miezi sita, uthibitisho wa kibaiolojia kama vile hewa ya kaboni monoksaidi katika pumzi, na kumhesabu kila aliyepotea kama anayeendelea kuvuta. Sharti hilo la mwisho huwaudhi wenye miradi, lakini ni la haki kwa kiasi kikubwa: aliyeacha sigara hukimbilia kusema, aliyerudia hukwepa simu.

Tuseme sasa tumepima vizuri na tumegundua kwamba afua haikuleta mabadiliko. Kwa nini? RE-AIM itaonyesha hatua iliyovunjika, lakini haiendi mbali katika kueleza sababu. Kazi hiyo imebebwa na miongozo mingine, hasa ile ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kuhusu afua changamano, yaani zenye sehemu nyingi zinazotegemeana, iliyotolewa mwaka 2000, ikarekebishwa mwaka 2008 na tena mwaka 2021. Ukisoma matoleo hayo kwa mfuatano unaona jinsi mawazo yalivyokomaa. La kwanza lilifuata hatua zilizokaribiana na zile za kutengeneza dawa. La mwisho linataka kila afua iwe na nadharia ya programu, yaani maelezo ya jinsi inavyotarajiwa kuleta mabadiliko, iliyoandikwa waziwazi, linataka wadau washirikishwe tangu mwanzo, na linakubali kwamba swali la kama afua imefikia lengo lake ni moja tu kati ya maswali yanayofaa. Mtathmini anaweza pia kuuliza afua inafanyaje kazi, na inabadilishaje mfumo ilioingizwa ndani yake. Mwongozo mwenza wa mwaka 2015 unahusu tathmini ya mchakato, na unamtaka mtathmini afuatilie mambo matatu kwa pamoja: utekelezaji, njia ambazo kwazo athari hutokea, na muktadha.

Neno muktadha hutajwa sana hadi limeanza kupoteza ladha. Ray Pawson na Nick Tilley walilipa meno mwaka 1997 walipopendekeza tathmini inayouliza nini kinafanya kazi, kwa nani, na katika hali gani. Kwao, afua haina nguvu ndani yake kama dawa. Inatoa fursa au rasilimali, na watu huamua wazifanyie nini. Uamuzi huo ndio chanzo cha athari, nao hutegemea hali waliyomo. Ujumbe wa simu wa kumkumbusha mtu kumeza dawa utamfaa anayesahau. Hautamfaa anayeficha dawa asionwe na mwenzi wake, na huenda ukamletea balaa ikiwa simu ni ya familia nzima. Ujumbe ni uleule, athari zinapingana, na wastani wa hao wawili ukisomwa peke yake utasema ujumbe hauna maana.

Majaribio mawili pacha yaliyochapishwa mwaka 2018 yanaonyesha jambo hili kwa kiwango kikubwa. Yaliitwa WASH Benefits, na yalipima afua za maji safi, vyoo, kunawa mikono na lishe: moja Bangladesh kwa wajawazito 5,551, jingine Kenya kwa wajawazito 8,246, kwa muundo uliopangwa kufanana. Bangladesh, kuhara kwa watoto kulipungua katika makundi mengi yaliyopata afua. Kenya, hakukupungua. Msomaji wa haraka atasema utafiti umejipinga. Lakini watathmini walikuwa wamefuatilia utekelezaji, na kwa hiyo tunajua kwamba Bangladesh wahamasishaji walitembelea kaya mara nyingi zaidi na matumizi ya vifaa yalibaki juu, wakati Kenya matumizi yalishuka sana katika mwaka wa pili. Bado hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba tofauti ya ziara ndiyo sababu yote, maana mazingira, vimelea na viwango vya kuhara vilitofautiana pia. Lakini swali limekuwa la maana: badala ya kubishana kama kunawa mikono kunasaidia, tunauliza ni kiasi gani cha ufuatiliaji kinahitajika ili tabia ishike, na nani ana uwezo wa kukigharamia kwa taifa zima. Jambo jingine ambalo matokeo hayo yaliweka wazi ni kwamba katika nchi zote mbili afua za maji, vyoo na kunawa hazikuongeza urefu wa watoto, tofauti na matumaini ya wengi.

Hapa inabidi kugusa mjadala ambao haujaisha, nao ni kati ya kufuata afua kama ilivyoandikwa na kuirekebisha ilingane na mahali. Wanaosimamia ubora huogopa marekebisho: kila kituo kikipunguza hapa na kuongeza pale, mwishowe hakuna anayejua kilichopimwa ni nini. Wanaofanya kazi uwanjani hujibu kwamba afua isiyorekebishwa haitekelezwi. Penelope Hawe na wenzake walitoa mwaka 2004 wazo ambalo kwangu ndilo lenye mwanga zaidi: kinachopaswa kubaki sawa ni kazi ya kila sehemu ya afua, wala si umbo lake. Ikiwa kazi ya sehemu fulani ni kumpa mgonjwa taarifa kuhusu hali yake, basi kituo kimoja kinaweza kutumia kijitabu, kingine mchezo wa kuigiza, na kingine mazungumzo ya kikundi, na vyote vikawa vimeifuata afua kwa uaminifu. Na kituo kinachogawa kijitabu kilekile kwa watu wasiosoma kitakuwa kimehifadhi umbo na kuipoteza kazi. Ili wazo hili litumike, lazima mtu awe ameandika mapema kila sehemu inafanya kazi gani, na hapo ndipo orodha kama ile ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Susan Michie, yenye mbinu 93 za kubadili tabia, inaposaidia. Inawapa watu lugha moja. “Elimu ilitolewa” ni sentensi isiyosema kitu. “Mshiriki aliweka lengo, akajifuatilia kila siku, akapewa mrejesho kila wiki” ni sentensi inayoweza kukaguliwa.

Viunzi vilivyobaki nitavipitia kwa haraka, kwa kuwa kazi zake ni finyu zaidi. Kile kiitwacho CFIR, cha mwaka 2009 na kilichorekebishwa mwaka 2022, kinapanga vikwazo na viwezeshi vya utekelezaji katika maeneo matano: afua yenyewe, mazingira ya nje ya taasisi, mazingira ya ndani, watu, na mchakato. Ni ramani nzuri ya kuandaa mahojiano na watumishi, ila haikwambii kama umefanikiwa. Enola Proctor na wenzake walitenganisha mwaka 2011 matokeo manane ya utekelezaji, yakiwemo kukubalika, kufaa, kuwezekana, gharama na uendelevu, na wakasisitiza kwamba haya ni tofauti na matokeo ya afya ya mgonjwa. Na Geoffrey Curran na wenzake walionyesha mwaka 2012 jinsi utafiti mmoja unavyoweza kupima ufanisi na utekelezaji kwa pamoja, kwa uzito tofauti kulingana na ushahidi uliopo, ili tusisubiri miaka mingi kumaliza kimoja kabla ya kuanza kingine.

Hakuna kiunzi kati ya hivi kinachochukua nafasi ya ulinganisho mzuri. Watu huingizwa katika programu wakiwa katika hali mbaya zaidi, na wengi wangepata nafuu kidogo hata bila programu. Kwa hiyo kipimo cha kabla na baada bila kundi linganishi hutoa sifa isiyostahili. Mahali ambapo haiwezekani kuwanyima watu huduma, eneo moja baada ya jingine linaweza kuanzishiwa afua kwa zamu iliyopangwa kwa nasibu, kama ilivyofanyika Gambia miaka ya 1980 kwa chanjo ya homa ya ini aina B, ili wanaosubiri wawe walinganishi wa walioanza. Mahali ambapo sheria imeanza kutumika nchi nzima kwa siku moja, vipimo vingi vya miezi kabla na miezi baada vinaweza kuonyesha kama mwelekeo umebadilika kweli. Mbinu hizi hujibu kama tofauti imetokea. Viunzi hujibu tofauti hiyo imepitia wapi na imewaacha nani.

Mradi mdogo wenye mtathmini mmoja hauwezi kubeba vyote hivi, wala hautakiwi. Ningeanza na ukurasa mmoja unaoeleza jinsi afua inavyotarajiwa kubadili tabia, hatua kwa hatua. Halafu ningetafuta hatua iliyo na shaka kubwa kuliko zote na kuweka fedha nyingi za tathmini hapo. Ikiwa uwezo wa afua umethibitishwa mara nyingi kwingineko, haina maana kuuthibitisha tena huku hujui kama vituo vitaipokea. Ikiwa vituo vina hamu lakini ushahidi ni hafifu, geuza uzito. Maswali matano ya RE-AIM ningeyauliza yote hata kama majibu ya mengine ni ya makadirio, kwa sababu kukadiria waziwazi ni bora kuliko kunyamaza. Na yote haya ningeyafanya kabla ya uzinduzi, kwa kuwa namba ya chini ya sehemu, yaani watu waliokuwepo kabla hatujafika, haiwezi kuhesabiwa upya baada ya miaka miwili.

Limebaki suala la udumifu, ambalo ndilo hukatwa kwanza bajeti inapopungua. Katika jimbo la Odisha nchini India, kaya zilipewa majiko yaliyoboreshwa yenye bomba la kutolea moshi, kwa utaratibu wa bahati nasibu, na watafiti wakafuatilia kwa miaka minne wakipima kaboni monoksaidi katika pumzi za wapishi. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta ulipungua. Kisha majiko yakaanza kupasuka, mabomba yakaziba, matengenezo hayakufanyika, na matumizi yakashuka. Kuanzia mwaka wa pili tofauti na kaya zisizopewa jiko ikafutika, na afya ya mapafu haikuonyesha nafuu. Tathmini ambayo ingefungwa mwezi wa kumi na mbili ingeandika mafanikio, na kwa vipimo vya siku hiyo ingekuwa imesema kweli.